Jiko la ethanoli hapa Malindi: moto safi, mafuta ndo kizungumkuti

Jiko lenyewe zuri, niliseme hilo mapema. Nimelinunua duka la vyombo hapa mjini, la bana mbili, na wanaouliza kama ni la gesi hapana, hili linakula ethanoli, yaani spiriti inayotengenezwa kwa molasi ya miwa, unajaza kopo lake unalirudisha ndani unawasha kiberiti basi. Moto buluu, sufuria haishiki masizi, na ile harufu ya mafuta taa inayoingia mpaka kwenye wali hakuna. Mamangu ana kifua, jikoni kukiwa na makaa alikuwa hakai, saa hii anakaa anakuna nazi yake na stori juu.

Mahamri linakaanga fresh. Wali wa nazi pia unaiva ila kupalia makaa juu hapo sahau. Shida ni mbaazi jamani, mbaazi inakula mafuta! Muuzaji alinipigia hesabu ya lita kwa lita na mafuta taa, msikubali hiyo hesabu, lita ya ethanoli ina nguvu kama asilimia 60 tu ya lita ya mafuta taa kwa hivyo lazima utanunua nyingi zaidi. Ingawa mafuta taa nayo tangu yabandikwe ile kodi ya shilingi 18 kwa lita 2018 hayana urafiki na mtu.

Sasa kujaza. Duka likiishiwa na wewe umeishiwa, unaambiwa kesho inshallah na kesho yenyewe haina tarehe. Mzigo unatoka mbali, viwanda vya spiriti kama kile cha Muhoroni viko huko bara kwenye miwa, na hiyo molasi wafugaji wanaitaka, wapika chang'aa wanaitaka, sisi wa mbaazi tuko nyuma ya foleni.

Mtu atasema basi tulime mafuta hapa hapa. Nenda Magarini uwatajie hayo maneno uone wanavyokuangalia, na wana haki. Kuna kampuni ya Waitaliano ilitaka hekta 50,000 za msitu wa Dakatcha, huko huko Magarini, ipande jatrofa, huu mbono kaburi wetu, watu wahame na msitu ufyekwe, msitu wenye ndege ambaye duniani hapatikani ila hapo na Arabuko Sokoke. Wenyeji wakakataa, watu wa mazingira wakasimama nao, mradi ukagonga mwamba. Tuliambiwa mbono unaota hata pakavu. Kuota unaota, lakini bila maji mbegu za maana hupati, na bila mbegu mafuta yatoke wapi? Kinachoniuma ni kwamba Dakatcha hiyo hiyo leo inachomwa makaa yanakuja kwa majiko yetu, ndo maana hili jiko silitupi.

Mimi naona spiriti tuitoe kwa mabibo, lile tunda la korosho. Kila msimu tunachukua korosho tunda linaoza chini ya mkanju, na kila mtu hapa anajua mabibo yakichacha yanatoa nini 😂 Hakuna shamba jipya la kufyeka, mti upo. Lakini sio rahisi vile, msimu mfupi, tunda halikai hata siku mbili, nani atazunguka vijijini kukusanya, halafu mtambo wa spiriti bila leseni polisi wako mlangoni kabla haujapoa, na lazima itiwe dawa isinyweke la sivyo vijana wataimaliza kabla haijafika jikoni.

Jiko nalipa nyota nne, huduma ya mafuta mbili na hapo nimeona haya. Ukinunua usijaze kopo jiko likiwa bado moto. Mchana jua likiingia jikoni moto wake hauonekani vizuri, sogeza mkono kwa mbali kwanza, na watoto wasikaribie. Ikimwagika ikawaka mwagia maji mengi, yanaizima, sio kama mafuta taa. Ukikaa Muyeye au Maweni karibu na wanaojaza, nunua. Wa mbali subirini, mimi mwenyewe meko yangu ya gesi sijaiuza.