Sanduku la Kutunzia Siga Lililopita Katika Viangazi Viwili vya Lubumbashi

Mwezi wa Agosti, saa nane mchana, kipimaunyevu kilichopo sebuleni kwangu Bel-Air kilisoma asilimia 31. Kwa mkazi wa Lubumbashi hilo si jambo la ajabu, kwa kuwa mvua hukoma kati ya Aprili na Mei, vumbi jekundu hutawala hadi Oktoba, na hata milango ya mbao husinyaa ndani ya fremu zake. Siga, yaani tumbaku iliyoviringishwa kwa majani yake yenyewe bila karatasi, huhitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi. Ikiachwa mezani wiki chache katika hewa ya Agosti, jani lake la nje hupasuka kama ganda la karanga. Ndiyo maana nilinunua humidori, sanduku la mbao la kutunzia siga, ambalo sasa nimelitumia kwa miezi 14.

Sanduku lenyewe lililetwa kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, nami nililipa dola 110. Muuzaji alisema linabeba siga 50. Kwa siga nene za aina ya robusto, ambazo zina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi na unene wa karibu sentimita 2, mimi naweka 35 tu, kwa sababu hewa isipopata njia ya kupita kati yake, zile za chini hulowa huku za juu zikikauka. Vanishi ya nje inang'aa sana, lakini thamani yote imo ndani, katika mbao nyembamba za mwerezi wa Kihispania zilizobandikwa pande zote. Jina la mti huo linapotosha, kwani si mwerezi wa kweli wala hautoki Hispania; asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na ni wa ukoo mmoja na mkangazi pamoja na sapeli inayokatwa katika misitu ya kaskazini mwa nchi yetu ya Kongo. Ubao huu hunywa unyevu hewa inapozidi maji na kuurudisha hewa inapokauka, na harufu yake tamu huingia polepole katika tumbaku.

Jambo la kwanza la kukagua ni jinsi kifuniko kinavyoziba. Nilifunga noti ya faranga 500 kati ya kifuniko na ukingo, kisha nikaivuta, nikirudia hivyo pande zote: mbele na kulia ilikamatwa imara, lakini kwenye pembe ya nyuma kushoto iliteleza bila kizuizi. Ufa huo mdogo ungetosha kulikausha sanduku zima kabla ya Septemba. Fundi seremala wa Kamalondo alibandika hapo utepe mwembamba wa ubao kwa kazi ya nusu saa, na tangu siku hiyo kifuniko hushuka taratibu kana kwamba kimeegemea mto wa hewa.

Kipimaunyevu cha mshale kilichokuja na sanduku sikipendekezi kwa mtu yeyote. Nilikipima kwa chumvi: unatia chumvi ya mezani katika kizibo cha chupa, unailowesha kwa matone machache ya maji hadi iwe kama uji mzito, kisha unafungia kizibo hicho pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 24. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo changu kilionyesha 62. Nilikitoa, nikaweka kidogo cha kidijitali ambacho kwa jaribio hilohilo kilisoma 74, na kosa la asilimia moja naweza kulikumbuka kila ninaposoma.

Kabla ya kuweka siga yoyote, mbao zenyewe lazima zishibe. Niliweka ndani kisahani chenye sponji iliyoloweshwa kwa maji yaliyokenekwa ya duka la dawa, nikafunga kwa wiki mbili. Maji ya bomba hayafai, kwa kuwa huacha madini na huleta kuvu. Anayeharakisha hatua hii atakuta mbao kavu zimefyonza unyevu wa siga zake badala ya kuutunza. Baada ya hapo nimetumia pakiti za Boveda za asilimia 69, ambazo hutoa unyevu hewa inapokuwa kavu na kuunyonya unapozidi. Kwangu zilikuwa ngumu, yaani zimekwisha maji, baada ya miezi miwili ya kiangazi, lakini wakati wa mvua zilipita miezi minne.

Sasa nije kwenye ladha, ambayo ndiyo sababu ya gharama zote hizi. Shemeji aliniletea siga 20 za aina moja kutoka Johannesburg, zilizoviringishwa Estelí, Nicaragua, bado mbichi. Ya kwanza niliivuta wiki ileile. Ilikuwa na harufu ya amonia iliyochoma pua, ilizimika mara tatu, na ukali wake kama wa pilipili ulifunika kila kitu kingine. Majani ya tumbaku huchachushwa katika marundo makubwa kabla ya kuviringishwa, na uchachushaji huo hutoa amonia. Yanapoloweshwa tena ili yakunjike mikononi mwa mviringishaji, kazi hiyo huamka upya kwa muda, na siga huhitaji kutulia hadi iishe.

Baada ya mwezi mmoja amonia ilikuwa imeondoka, ingawa ule ukali wa pilipili ulibaki mbele. Mabadiliko makubwa niliyaona mwezi wa nne. Majani ya ndani, jani la kuyafunga na jani la nje hutoka mashamba tofauti, na hapo mwanzo kila moja lilikuwa likisema peke yake. Sasa yalikuwa yameingiana kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyolala usiku mmoja, ambapo huwezi tena kutenga mafuta ya mawese na kitunguu. Nilipata kakao, karanga za kukaanga, na kwa mbali utamu wa ule ubao. Kufikia mwezi wa 12 ukali ulikuwa umepungua sana, moshi ukawa laini, na siga iliwaka sawasawa hadi mwisho bila kuguswa. Moja niliiacha makusudi ndani ya droo ili nilinganishe. Baada ya miezi minne ilikuwa kavu kabisa, na hata nilipoirudisha sandukuni kwa wiki sita ilikunjika vizuri lakini ilikuwa na ladha ya karatasi tu, kwa sababu mafuta yake ya harufu yalikwishapotea. Si kila siga hufaidika kwa kukaa muda mrefu hivyo. Zile nyepesi ningezivuta kabla ya mwaka kwisha. Wala mapumziko hayaondoi madhara ya tumbaku, na mimi sizidishi mbili kwa mwezi.

Oktoba ndio mwezi unaonitia wasiwasi. Joto likipita nyuzi 24 au 25, mayai ya mdudu wa tumbaku yaliyojificha ndani ya majani huweza kuanguliwa, na chumba changu hufika 30 umeme unapokatika. Kwa hiyo kila siga mpya huifunga ndani ya mifuko miwili na kuigandisha kwa siku tatu, kisha huiweka siku moja katika friji ya kawaida ili isipasuke kwa kubadilishiwa joto ghafla. Sanduku nalo nimelihamishia chini ya kabati, juu ya sakafu ya saruji, ambako joto halijapita 24. Humo zimebaki siga sita za Estelí, nazo sitazigusa kabla ya mvua za Novemba.