Mfuko wa kilo 25 wa unga wa Zambia, au mahindi ya kusagisha?

Unga mweupe unaoingia kwa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ni unga mzuri. Mahindi yake yamekobolewa na kiini kimetolewa, ndiyo maana bukari (ugali) inatoka laini, na mfuko ukikaa pakavu hauchachi upesi. Ila mafuta na vitamini nyingi vimekwenda na pumba. Na bei yake haipangwi hapa Lubumbashi.

Hilo la mwisho ndilo zito. Katanga huvuna mahindi mara moja kwa mwaka. Ifikapo Januari akiba ya vijijini imekwisha, mji mzima unangojea malori. Zambia ikibana mauzo ya nje ili ilishe watu wake, mfuko unapanda bei hapa mara moja. Mwaka 2024 ukame uliharibu huko karibu hekta milioni 1 za mahindi kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, na tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la taifa. Kufuta ushuru mpakani, dawa ambayo serikali yetu ya Kongo huikimbilia, kunasaidia pale tu mahindi yenyewe yapo ya kununuliwa. Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga aliziagiza kampuni za madini zilime hekta 500 kila moja. Aliona tatizo vizuri, lakini anayelisha mji kwa miaka ni mkulima aliyepata mbolea kabla ya mvua za Novemba na barabara ya kutolea mavuno.

Kwa hiyo mwenye nafasi ya kuweka akiba anunue mahindi yenyewe baada ya mavuno, Mei hadi Julai. Gunia la kilo 50 likikobolewa linatoa unga wa kilo 33 hivi, na pumba ni chakula cha kuku. Likisagwa zima, karibu lote linakuwa unga, lakini huo usagishe wa wiki mbili tatu tu, maana mafuta ya kiini huufanya uchungu.

Unyevu ndio unaoharibu akiba. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, tikisa, kisha acha dakika chache: chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudishe juani. Yenye ukungu usiyanunue hata kwa bei ya kutupa, sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Ukilazimika kununua mfuko, tazama mshono. Wa kiwandani umenyooka, umeshonwa kwa mashine. Ulioshonwa kwa mkono umekwisha kufunguliwa, basi upimwe kwenye mizani mbele yako. Na ukisagisha mwenyewe, unga hutoka mashineni ukiwa moto. Uutandaze upoe kabisa kabla ya kufunga gunia, la sivyo unatoa jasho na kushikana mabonge.