Miaka tisa na 40B, kumbe mbavu zangu ni 80

Saizi yangu ya sidiria nilipewa na muuzaji mmoja wa Kariakoo mwaka 2015, tena kwa macho. Alinitazama kifuani, akageuka, akachomoa boksi. "Dada, wewe 40B hiyo, mimi sikosei." Nikaamini. Nyumbani hakuna aliyewahi kunifundisha mambo hayo, zaidi ya kuambiwa nisianike nguo za ndani mbele ya wageni.

Tangu hapo kila nikinunua natafuta 40B: 40 ni namba ya Uingereza ya mkanda unaozunguka mbavu, B ni kikombe. Kwenye daladala, nikisimama na kushika bomba la juu, mkanda wa mbele unapanda na kukalia matiti, mgongoni nao umefika karibu na shingo. Nikishuka kituoni kazi ya kwanza ni kutafuta ukuta nijirekebishe. Kamba zimenichimba mabega mpaka pameweka weusi. Nami kwa akili zangu nilidhani kamba zimelegea, nikawa nazikaza. Kumbe kamba ikikazwa ndiyo inazidi kuvuta mkanda wa mgongoni juu.

Mwaka 2024, miezi kadhaa baada ya kumwachisha mwanangu wa pili ziwa, nikanunua tepu ya fundi cherehani kwa shilingi 1,000. Mara ya kwanza nilijipima juu ya fulana, nikapata 84 chini ya matiti. Mdogo wangu akacheka: "Dada, huko nyuma tepu imeshuka mpaka kiunoni!" Nikavua fulana, akaninyooshea tepu ikalala sawa pande zote, nikatoa pumzi, nikaibana ikashika ngozi bila kuumiza. 79. Sentimita tano zilikuwa za fulana na uzembe.

Kipimo cha pili ni kuzunguka matiti yenyewe pale palipojaa zaidi, na hapa tepu haibani, inagusa tu. Matiti yangu yameshanyonyesha wawili, nikisimama wima yanalala, kwa hiyo niliinama kidogo ndipo nikapima: 98. Kama uko kwenye siku za kukaribia hedhi na kifua kimejaa, subiri zipite, la sivyo utanunua saizi ya wiki moja.

Hesabu ya lebo za Ulaya ni nyepesi. 79 inaangukia mkanda wa 80. Kisha 98 toa 79, inabaki 19. Tofauti ya 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Basi mimi ni 80D, ambayo kwenye lebo ya Uingereza huandikwa 36D. Nilishtuka, maana D nilidhani ni ya wanawake wenye vifua vikubwa sana. Lakini herufi peke yake haisemi kitu. Ukipunguza mkanda hatua moja unapandisha herufi moja, na kikombe kinabaki na ujazo uleule: 40B, 38C, 36D. Yule muuzaji kikombe alikipatia. Alichokosea ni mbavu.

Wanaotumia inchi wawe macho. Sentimita 79 ni inchi 31, ilhali lebo yangu inasema 36. Ni kwa sababu kuna utaratibu wa zamani wa kuongeza inchi nne au tano juu ya kipimo cha mbavu, na majedwali mengine bado yanaufuata, mengine hayaufuati. Mimi nimeachana na inchi. Na ukikuta 95D usiikimbie, hiyo ni namba ya Ufaransa, ni ileile 80D.

Kuipata sasa! Maduka mawili walikuwa na B tu, tena za sponji, na mmoja akaniambia "vaa hii, sponji itajaza." Ijaze nini? La tatu walikuwa nazo, shilingi 18,000 moja. Walikataa nijaribu, basi nikatoa tepu yangu kwenye pochi, nikavuta mkanda wa kila moja mpaka mwisho. Zote zimeandikwa 80D, ila moja ilivutika hadi 95 na nyingine ikagoma kwenye 84. Nikachukua mbili za aina iliyogoma. Kwenye mtumba nimeacha kutafuta: lastiki imeshachoka, na TBS, shirika la viwango la Tanzania, wenyewe wamepiga marufuku nguo za ndani za mitumba.

Nafunga kishikizo cha nje kabisa, vya ndani navitunzia siku lastiki itakapolegea. Vidole viwili vinapita mgongoni, zaidi ya hapo hapana. Waya wa katikati unalala kwenye mfupa wa kifua, na pembeni unaishia kwenye mbavu, haulali juu ya titi. Siku tatu za mwanzo niliona nimebanwa, kwa vile nilizoea kulegea. Siku ya nne nilisahau kama nimeivaa.

Tepu naipa tano kwa tano. Sidiria naipa nne, kwa sababu waya wa moja ulianza kuchungulia kwapani mwezi wa tatu wa kuivaa ingawa nafua kwa mkono, na kwa sababu D zinakuja rangi mbili tu: nyeusi, na ile wanayoiita "rangi ya mwili", ambayo sijui ni mwili wa nani.