Kabla Hujanunua Rafadha ya Boti ya Mashindano, Pima Tundu

Milimita 0.76 ndizo zilizoniulia mota. Nilinunua rafadha (propela) ya tundu la milimita 4.76, yaani 3/16 ya inchi, na shafti ya boti yangu, boti ndogo ya rimoti ya mashindano, ni ya milimita 4. Muuzaji aliandika "inaingia shafti za mm 4 hadi 5". Na kweli iliingia. Ikachezacheza pia, nikaziba pengo kwa utepe wa alumini na kujiona fundi. Raundi tatu boti ililia kama nyigu kwenye kopo, ya nne ikanyamaza. Beringi ya mbele ilikuwa imesagika.

Kila mtu huniuliza KV, yaani mizunguko ya mota kwa dakika kwa kila volti. Zidisha KV kwa volti za betri, upate mizunguko kwa dakika mota ikiwa haina mzigo: KV 2000 kwa betri ya LiPo (ya lithiamu) ya seli 4 (volti 14.8) ni 29,600. Yametosha hayo. Ninachotaka ukiwaze ni kwamba mizunguko hiyo ni zaidi ya 490 kwa sekunde, na rafadha iliyokaa pembeni ya kitovu hata kwa milimita 0.38 inapiga nyundo beringi zako mara zote hizo. Kwa hiyo chukua kalipa, kipimio chenye meno kinachosoma hadi sehemu za milimita, upime shafti yako, kisha ndiyo ufungue duka.

Kwenye rafadha sifichi mapenzi yangu: namba moja ni Octura, hasa mfululizo wa X. Napenda hata majina yake. X440 ina kipenyo cha milimita 40, na ile 4 ya mwanzo ni uwiano wa 1.4 kati ya hatua ya mzunguko mmoja na kipenyo, kwa hiyo kila mzunguko ingesonga milimita 56 kama maji yasingeteleza. Kwa mizunguko 29,600 hiyo ni kama kilomita 99 kwa saa kwenye karatasi. Majini utapata pungufu, lakini angalau una pa kuanzia hesabu. Kero yake ni kwamba huja butu na mapanga yake hayajalingana uzito. Utainoa na kuilinganisha mwenyewe. Ni shaba yenye berili, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo tumia msasa wa maji, vaa barakoa, wala usiisage kavu. Asiyetaka kazi hiyo atafute inayouzwa ikiwa tayari imenolewa, alipe zaidi, alale.

Namba mbili ni za alumini zilizochongwa kwa mashine ya kompyuta. Husawazika haraka, ila ncha zikigonga kijiti hupinda. Za plastiki ni za boti ya mtoto. Kwa kasi kubwa mapanga hujikunja.

Usipande ukubwa kwa tamaa. Mzigo hukua takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo, hivyo kutoka milimita 40 kwenda 42 tu ni ongezeko la karibu asilimia 28 kwa mota ileile na mizunguko ileile. Ndiyo maana vidhibiti mwendo huungua na watu wanalaumu betri.

Upande wa mota, chaguo langu ni isiyo na brashi, rota (sehemu inayozunguka) ndani, pole (ncha za sumaku) nne, mwili wa 4074 au 4082: milimita 40 upana, 74 au 82 urefu. Ya pili ni 3660 kwa boti ndogo. Mota za ganda linalozunguka nje ni ngumu kupoza kwa maji, ganda lenyewe linazunguka, koti la maji utalivalisha wapi? Za brashi zipo, ni rahisi, tuendelee.

Lakini wauzaji! Mmoja anaandika "wati 3000" bila kusema kwa sekunde ngapi. Mwingine anakupa ukubwa wa ganda, wa tatu anakupa wa rota, na wote wanaita mota yao 36. Bei inapanda kila msimu, maelezo yanabaki mstari mmoja. Siku hizi naomba picha ya rafadha ikiwa kwenye meno ya kalipa. Wengi hawajibu. Wa mwisho alinitumia picha ya rula.