Kifaa cha kufuatilia mdundo wa moyo: kipi kinastahili hela yako?

Muuzaji akikuletea kifaa chochote chenye taa nyekundu, muulize: kinachora ECG (mchoro wa umeme wa moyo) au kinahesabu mapigo tu? Moyo unaweza kupiga mara 78 kwa dakika huku unakwenda mrama, na namba isikuambie lolote. Wasiwasi mkubwa hapa ni AF, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo, damu ikaganda na kuleta kiharusi. Hiyo daktari huithibitisha kwa mchoro.

Chaguo langu la kwanza ni KardiaMobile ya AliveCor. Ni kijibao chembamba. Unaweka vidole vya mikono yote miwili kwa sekunde 30, mchoro unatokea kwenye simu, unamtumia daktari PDF. NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, iliipendekeza mwaka 2022 kwa kutafuta AF. Ipo pia 6L, ambayo upande wake wa nyuma unagusa goti au kifundo cha mguu wa kushoto na kutoa michoro sita. Mimi nisingeongeza hela hiyo mpaka daktari aniambie. Egemeza viwiko mezani, maana mikono ikining'inia mstari unajaa vijimeno na programu inagoma kuusoma. Vidole vikavu, lowesha kidogo.

Ya pili ni Apple Watch, kuanzia Series 4 (SE haina ECG). Raha yake ni kwamba iko mkononi moyo ukianza vurugu usiku wa manane. Ila inataka iPhone, inataka chaji kila mara, na ECG haijafunguliwa katika kila nchi; hakikisha kabla hujalipa. Galaxy Watch ni kwa mwenye simu ya Samsung. Kama simu yako si Samsung, achana nayo.

Mzee mwenye presha asiye na simu janja mnunulie mashine ya presha ya mkononi yenye alama ya mapigo yasiyo sawa. Haichori, lakini alama ikijirudia, mpelekeni akapigwe ECG.

Bangili za bei poa na oksimita (kipima oksijeni) ya kidoleni? Kwa kazi hii, hapana.

Mwenye betri ya moyo (pacemaker) amuulize daktari wake kwanza. Na hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachogundua shambulio la moyo: kifua kikibana, nenda hospitali, usianze kutafuta simu. Kama moyo unakuruka kila siku, omba kwanza Holter, kifaa unachovaa kikirekodi ECG mfululizo, ya saa 24 au 48 hospitalini. Huenda usihitaji kununua chochote.