Longhorn kwa klasta ya seva tatu: inafaa, ila chunga diski na mtandao

Kubernetes huendesha programu kwenye klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, na kila programu hukaa ndani ya podi. Podi ikifa, hufa na kila kilichoandikwa ndani yake. Kwa tovuti ya kawaida hilo si neno. Kwa hifadhidata kama Postgres ni msiba. Aliyekodi klasta kwa AWS au Google huletewa diski na mwenye huduma. Aliyeunga klasta yake mwenyewe kwa seva tatu au nne ndiye Longhorn ilitengenezwa kwa ajili yake. Ni programu huria, haina malipo: huunganisha diski za seva hizo na kuzipa podi volyumu, yaani diski pepe ambazo data yake haifi podi ikifa. Ilianzia Rancher Labs na ikakabidhiwa CNCF, taasisi inayolea miradi huria kama Kubernetes, mwaka 2019.

Kuisakinisha kwa Helm, kisakinishi cha programu za Kubernetes, ni kazi ya dakika chache. Maandalizi ndiyo yanayowaangusha wengi. Kila seva lazima iwe na `open-iscsi` (huunganisha diski kupitia mtandao) na huduma ya `iscsid` inayofanya kazi. Ikikosekana kwenye seva moja tu, podi zitakazopangiwa hapo hazitaunganishiwa volyumu. Anayetaka volyumu moja isomwe na kuandikwa na podi nyingi aongeze kiteja cha NFSv4, njia ya kushiriki mafaili kwenye mtandao (kwenye Ubuntu, `nfs-common`). Halafu kuna `multipathd`, huduma ya kusimamia njia za diski ambayo Ubuntu Server huja nayo: hunyakua diski za Longhorn kabla hazijapachikwa, na podi inabaki ikilalamika kuwa diski iko tayari kwenye matumizi. Dawa yake ni kuingiza `devnode "^sd[a-z0-9]+"` kwenye sehemu ya `blacklist` ya `/etc/multipath.conf`, kisha kuiwasha upya huduma hiyo. Watumiaji wa K3s, Kubernetes nyepesi, wana jambo moja la ziada: `local-path` tayari ni aina ya hifadhi ya chaguo-msingi, na Longhorn nayo hujiweka hivyo hivyo. Mojawapo iondolee hadhi hiyo.

Kwa kawaida kila volyumu hupewa replika (nakala kamili za data) 3, kila moja kwenye seva yake, na maandishi hayahesabiwi kuwa yameandikwa mpaka replika zote zilizo hai zikubali. Usalama huo unalipiwa kwenye mtandao. Waya wa gigabiti 1 hupitisha takriban MB 110 kwa sekunde. Replika moja ikiwa kwenye seva ileile ya podi na mbili zikiwa mbali, kila kinachoandikwa hutumwa mara mbili, hivyo kinachobaki ni kama MB 55, na bado trafiki nyingine haijapita. Waandaaji wenyewe hupendekeza gigabiti 10 na diski za SSD, na hapo hawatii chumvi. Diski za kuzunguka zisahau.

Kosa la gharama kubwa ni kuweka replika 3 chini ya hifadhidata inayojinakili yenyewe. Postgres yenye nakala tatu juu ya replika tatu ni nakala tisa za data ileile. Itengenezee `StorageClass` (kiolezo cha aina ya hifadhi) ya peke yake, `numberOfReplicas: "1"` na `dataLocality: strict-local`, yaani replika ikae kwenye seva ileile ya podi. Uandishi hautapita tena mtandao wa Longhorn.

Sasa diski. Volyumu ya GiB 100 hutengewa GiB 300 katika klasta, na kwenye diski ya mfumo asilimia 30 hushikiliwa isiguswe. Hayo yanahesabika. Kisichoonekana ni snapshoti, yaani picha ya volyumu ilivyokuwa wakati fulani: kila moja hushikilia vipande vya zamani, kwa hiyo volyumu ya GiB 20 yenye hifadhidata inayoandikwa sana inaweza kula GiB 60 kwa kila replika. Kufuta mafaili ndani ya podi peke yake hakurudishi nafasi. Panga kazi za kujirudia, `snapshot-cleanup` (kusafisha snapshoti) na `filesystem-trim` (kurudisha nafasi ya mafaili yaliyofutwa), tangu siku ya kwanza, na snapshoti za ratiba uziwekee `retain` (idadi ya kubakizwa) ndogo. Isitoshe, snapshoti si bekapu, maana inakaa kwenye diski zilezile. Bekapu ni ile inayopelekwa S3 (hifadhi ya mafaili ya wingu) au NFS, na kwa bahati nzuri sehemu hii Longhorn inaifanya vizuri mno: hupeleka vipande vilivyobadilika tu, na kurejesha kwenye klasta nyingine ni kubofya mara chache.

Seva ikizimika ghafla, usitarajie podi ya `StatefulSet` (aina wanayotumia hifadhidata) ihamie kwingine yenyewe. Itabaki `Terminating`, yaani ikiwa mbioni kufutwa, kwa sababu hakuna aliye hai kwenye seva ile wa kuthibitisha kuwa imekufa. Badili `node-down-pod-deletion-policy` kutoka `do-nothing` kwenda `delete-both-statefulset-and-deployment-pod`. Mpangilio huu ulistahili kuelezwa mapema zaidi kwenye mwongozo.

Kwa klasta kubwa, au mwenye kuhitaji pia hifadhi ya aina ya S3, mfumo wa hifadhi wa Ceph, ukiendeshwa kwa Rook, ndiyo njia, ingawa Ceph inataka mtu wa kuilea. Kwa seva tatu hadi kumi, Longhorn. Wakati wa kuipandisha toleo usiruke ngazi: 1.7 kwenda 1.8, ndipo 1.9, na bekapu iwe imeshatoka nje ya klasta, kwani kurudi toleo la nyuma hakuruhusiwi.