Uzoefu wangu na OpenWrt kwenye ruta ndogo ya dukani, Lubumbashi

Duka langu la fotokopi na uchapishaji, katika komuni ya Kenya hapa Lubumbashi, linatumia ruta ndogo ya GL.iNet, aina ya GL-MT300N-V2, ambayo niliiondolea programu ya kiwandani na kuiwekea OpenWrt, ule mfumo wa Linux ambao chimbuko lake ni ruta ya Linksys WRT54G. Intaneti yenyewe huingia kwa modemu ya 4G iliyounganishwa na ruta kwa kebo. Niseme mapema kwamba OpenWrt haikuniongezea kasi hata kidogo. Ninachoisifia ni kwamba mtandao unapokatika, ninaweza kujua umekatikia wapi kabla sijampigia mtu simu.

Tatizo la kwanza lilijitokeza mara tu baada ya kuisakinisha: kompyuta zilipata anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao), lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Modemu yangu ilikuwa imepangiwa anwani 192.168.1.1, na OpenWrt nayo huanza na anwani hiyohiyo, hivyo ruta ilijikuta na mtandao uleule pande zote mbili, isijue data ipelekwe upande upi. Niliupa mtandao wa ndani anwani 192.168.10.1, nikaiwasha upya ruta, na kila kitu kikafunguka. Anayeisakinisha ajue pia kwamba Wi-Fi ya OpenWrt kwa kawaida huja ikiwa imezimwa, asije akadhani kifaa ni kibovu.

Tatizo lililonifundisha mengi ni la saa. Ruta hii haina betri ya kutunza saa, na umeme wetu hukatika. Ikiwaka tena, mfumo hukisia tarehe kwa kuangalia faili iliyobadilishwa mwisho katika folda ya mipangilio, na kama mipangilio haijaguswa kwa miezi, ruta huamini kwamba bado tuko miezi hiyo ya nyuma. Kwa kawaida hilo lisingedhuru, kwa sababu ruta huuliza saa sahihi kwenye seva za NTP, yaani kompyuta za intaneti zinazotoa saa. Lakini mimi nilikuwa nimeweka DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) ya aina iliyosimbwa, ambayo hukagua cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Cheti kilichotolewa mwezi uliopita, machoni pa ruta iliyo nyuma kwa miezi mitano, bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo hukataliwa. DNS ikikataa, jina la seva ya saa halipatikani. Saa isiporekebishwa, DNS inaendelea kukataa. Huko dukani wateja wanauliza, "Papa, mega zimeisha?", nalo ni swali la haki, kwa kuwa kwa mwenye simu, kuishiwa mega na DNS kukataa huonekana sawa.

Kilichotoa jibu ni ukurasa wa uchunguzi ulio ndani ya LuCI, yaani kiolesura cha OpenWrt kinachofunguliwa kwa kivinjari. Ping, yaani jaribio la kuona kama kompyuta ya mbali inajibu, kwenda 8.8.8.8 (seva ya Google) ilirudi vizuri, maana yake modemu na mtandao wa simu vilikuwa vizima, ila nslookup, yaani amri ya kuiuliza DNS anwani ya jina, ilishindwa kwa jina lolote. Nilipoandika amri ya date nikaona mwezi usio wetu. Dawa yake ni mstari mmoja katika mipangilio ya dnsmasq, programu ya ruta inayoshughulikia DNS, unaoelekeza maswali yote ya pool.ntp.org, jina la seva za saa, kwa DNS ya kawaida isiyosimbwa, ili saa ipatikane kwanza na mengine yafuate. Tangu hapo ruta hujirekebisha yenyewe umeme unaporudi. Nilichagua pia Africa/Lubumbashi katika orodha ya kanda za saa, kwa kuwa bila hivyo rekodi za mfumo huandikwa kwa saa ya UTC (saa ya kimataifa), nyuma ya saa yetu kwa saa mbili.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu rekodi hizo zenyewe. Amri ya logread huonyesha kila tukio, lakini rekodi hukaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda, kwa hiyo umeme ukikatika hupotea zote, na mara nyingi ni kukatika huko ndiko unakotaka kukuchunguza. Mfumo unaruhusu kuzituma kwa kompyuta nyingine, na ndivyo ninavyofanya sasa. Kwa kuwa ruta hutumia volti 5 kupitia USB, nimeichomeka pia kwenye pawabanki. Modemu inahitaji chanzo chake.

LuCI ina tafsiri ya Kifaransa, jambo lililomfaa kijana anayenisaidia dukani. Kwa upande mwingine, hifadhi ya megabaiti 16 hujaa upesi, na modemu nyingi za USB hazitambuliki mpaka uongeze vifurushi vya kmod (programu zinazouwezesha mfumo kutambua vifaa), ambavyo hupakuliwa kutoka intaneti ile ile ambayo bado hujaipata. Vipakue kwa simu kabla ya kusakinisha, vya toleo lile lile la mfumo utakaoweka, kwa sababu kifurushi cha toleo jingine hukataliwa.